Wino Katika Mtungi wa Kogo

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilianza kwa jua zuri na kiburi kidogo. Jua lilikuwa lile la Kaplong la asubuhi, mvua ikiwa imenyesha jana yake, majani chai yakimetameta mpaka ng'ambo ya bonde. Kiburi kilikuwa changu.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Baba yangu alitoka kule ziwani akaja nchi hii ya chai kufanya kazi ya boila kiwandani, nami nikazaliwa katika nyumba za wafanyakazi, nikasomea hapa, na kazi yangu ya kwanza nikaipata hapa hapa, katika karakana ndogo ya kuchapa mifuko ya karatasi. Mifuko ya unga, mifuko ya chai, mifuko ya mbegu za mboga. Mashine ilikuwa moja lakini kelele zake zilikuwa za mashine kumi. Aliyenifundisha ni Mzee Langat, mtu mrefu, mpole, ambaye sikumbuki kuziona kucha zake zikiwa na rangi moja.

Wino wetu ulikuja kwa wingi, katika jerikani za plastiki za lita ishirini, mwekundu, mweusi na wa buluu. Ulikuwa wino wa maji, mzito kama uji wa wimbi. Mzee Langat aliuheshimu kama mtu anavyomheshimu mbwa wa jirani: hakuuogopa, lakini hakuupa mgongo. Jerikani zilikaa chini, ukutani, mbali na dirisha ili jua lisizifikie. Kila moja ilikuwa na karatasi yake ya kiwandani, na ole wako uichane. Jerikani ikiwa imejaa, tulibeba watu wawili.

Nyuma ya karakana aliishi mwenye ploti, bibi mmoja wa Kikipsigis aliyeitwa Rael. Sote tulimwita Kogo, yaani nyanya, na hata wageni waliofika mara moja walimwita hivyo. Alikuwa na ng'ombe wawili, na mitungi miwili ya alumini ya maziwa iliyoandikwa namba yake ya ushirika kwa rangi ya buluu. Kila asubuhi aliacha mtungi wenye maziwa langoni, na kama saa nne Cheruiyot, dereva wa gari la maziwa, alipita akaubeba na kuupeleka kituo cha kupozea maziwa. Mtungi wa pili ulikaa umepinduliwa juu ya ua, ukikauka, tayari kwa maziwa ya jioni.

Basi asubuhi hiyo Mzee Langat alikuwa anakwenda Kericho kutafuta roli ya mashine, ile silinda ya kupaka wino. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Anyango, usishughulike na wino mpya. Kuna wa kutosha kwa mashine. Nikirudi tutabeba pamoja. Na kama kitu kitavuja, weka hiyo jerikani yote ndani ya karai kubwa, halafu ngoja."

Nikasema, "Sawa, Mzee."

Sikia vizuri neno hilo, mwanangu. "Sawa" ni neno jepesi sana mdomoni mwa kijana.

Alipoondoka tu, nilitazama tangi la mashine nikaona wino wa buluu umebaki kidogo. Ulikuwa unatosha, lakini mimi nilitaka arudi akute mifuko ya siku mbili imechapwa, aseme kwamba binti huyu ni hodari. Nikaenda kwa jerikani mpya. Nilijaribu kuinua, haikuinuka. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini mimi nilikuwa na mikono miwili, nikaona inatosha. Nikaiburuta. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji iliyobanduka hapa na pale, na katikati ya safari nikasikia kitu kimekwaruza. Niliendelea kuburuta. Nilipogeuka nyuma nikaona mstari wa buluu umenifuata kutoka ukutani, mwembamba, umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

Jerikani ilikuwa imepasuka chini.

Hapo ndipo nilipaswa kukumbuka karai. Lilikuwa pale pale, kubwa, limening'inia msumarini. Lakini mtu mwenye hofu haoni kilicho mbele yake, anaona cha mbali. Niliona kupitia mlango mtungi wa Kogo juu ya ua, mkavu, safi, una kifuniko. Nikajiambia nitahamishia wino humo kwa nusu saa, nifute sakafu, nijaze mashine, nioshe mtungi vizuri kwa maji moto, na hakuna mtu atakayejua. Unaona jinsi akili inavyopanga kazi nyingi ili kukwepa moja ndogo?

Nikauchukua. Nikamimina. Nusu ya jerikani ikaingia, nyingine ikabaki sakafuni na kwenye mikono yangu, maana glavu nazo zilikuwa zimening'inia kwenye msumari wa pili na sikuziona. Nikafunga kifuniko kwa nguvu zangu zote, na hilo ndilo jambo pekee nililolifanya vizuri asubuhi ile. Sikufuta michirizi iliyoteremka nje. Nikauweka nje kivulini, karibu na lango, ili nipate nafasi ya kupiga deki.

Nilipiga deki kwa muda mrefu. Niliimba hata. Nilipotoka kuufuata mtungi, haukuwepo.

Kogo alikuwa kando ya nyumba anapukuchua mahindi. Nikamwendea polepole, mikono nyuma.

"Kogo, umeona mtungi pale kivulini?"

"Mtungi yangu?" Akaendelea kupukuchua. "Cheruiyot amechukua yote mbili. Hata ameniambia leo ng'ombe yangu imefurahi."

Mwanangu, nikageuka kutazama barabara, na gari halikuonekana tena.

Nilijua maziwa yanavyopokelewa. Pale kituoni kila mtungi unamiminwa ndani ya tangi moja kubwa, maziwa ya asubuhi ya mlima mzima pamoja, ya tajiri na ya mjane mwenye ng'ombe mmoja. Mtungi mmoja ukiwa na kitu kibaya, hakuna wa kuutenganisha tena. Maji yakimwagika hayazoleki, na wino ukimiminwa katika maziwa ya watu mia moja, utaanzia wapi kuuzoa?

Ningeweza kunyamaza. Nataka ulijue hilo, kwa sababu wazee hupenda kusimulia kama kwamba walizaliwa wakweli. Kwa muda wa pumzi mbili au tatu niliwaza kwamba hakuna aliyeniona. Halafu nikamtazama Kogo na lile beseni lake la mahindi, nikaleta mikono mbele. Ilikuwa ya buluu hadi kwenye viwiko.

"Kogo," nikasema, "ule wa pili hauna maziwa. Nilitia wino."

Aliacha kupukuchua. Hakupiga kelele. Akaelekeza gunzi la mahindi upande wa mashamba ya chai. "Gari inazunguka na barabara ya juu, inachukua ya watu wengine. Wewe pita ndani ya majani. Enda."

Nilikimbia. Njia ya miguu ilikata katikati ya chai, ikateremka mtoni, ikapanda upande wa pili. Sketi yangu ilinasa kwenye matawi, viatu nikavivua na kuvibeba. Wachumaji waliokuwa wameinama waliinuka mmoja mmoja kunitazama. Mama mmoja akaniuliza, "Wewe, umechuma majani ya rangi gani huko?" Wenzake wakacheka. Sikuwa na pumzi ya kujibu. Leo ningejibu.

Nilipofika kituoni, gari la Cheruiyot lilikuwa tayari limesimama na mitungi inashushwa. Aliyepokea maziwa alikuwa mama mmoja mnene, mwenye koti jeupe na gambuti, aliyeitwa Mama Chebet. Watu walimlalamikia sana kwa sababu alikuwa wa polepole. Alifungua kila mtungi yeye mwenyewe, akainama, akanusa, akakoroga, akachota kidogo na kupima, hata kama mtungi ni wa dada yake. Wakulima kadhaa walikuwa kwenye foleni wakinung'unika. Na Cheruiyot alikuwa ndio ameinua mtungi wa Kogo, ule wa pili, anausogeza.

Nikapita katikati ya foleni nikaweka kiganja changu juu ya kifuniko, nikabaki hapo nikihema kama ng'ombe aliyepandishwa mlima.

Mama Chebet alitazama mkono wangu. Akatazama mtungi, michirizi ya buluu ubavuni. Halafu akamtazama Cheruiyot mikononi, naye alikuwa na buluu kwenye vidole.

"Nilifikiri Kogo amepaka namba yake rangi mpya," Cheruiyot akasema.

"Hii ni nini?" Mama Chebet akaniuliza.

"Wino wa kuchapa," nikasema. "Ni mimi. Kogo hana makosa."

Akafungua. Foleni nzima ikasogea kuchungulia. Sijawahi kuona wino mzuri namna ile. Ulikuwa umetulia humo ndani, unang'aa. Mzee mmoja akasema polepole kwamba huyo ng'ombe wa Kogo atakuwa amekula sare ya shule. Mtu mmoja akacheka, kisha wote, mpaka Cheruiyot akalazimika kukaa kwenye ukingo wa gari lake.

Mama Chebet hakucheka bado. Alimwambia Cheruiyot aonyeshe mitungi aliyoishika baada ya ule wa Kogo. Ilikuwa mitano. Akakagua mmoja mmoja, na katika miwili akakuta alama za vidole vya buluu ndani ya mdomo wa mtungi, pale Cheruiyot alipobonyeza vifuniko. Zilikuwa alama ndogo, ungeweza kuzifuta kwa kidole. Cheruiyot akasema hivyo, kwamba zifutwe tu. Mama Chebet akakataa. Maziwa ya mitungi ile miwili hayakuingia katika tangi. Niliyatazama yakienda kumwagwa shimoni, meupe kabisa, yakionekana hayana kosa lolote, na hapo kicheko cha watu kikaisha, na mimi nikalia.

Aliponiona nalia akanivuta kando, kwenye bomba, akanipa sabuni. "Mimi sinusi maziwa kwa sababu nafikiri watu ni wabaya," akaniambia. "Nanusa kwa sababu mtungi haiwezi kusema iko na nini. Inasema tu kile umeandika juu yake. Na leo juu ilikuwa imeandikwa maziwa."

Nimezeeka, mwanangu, na nimesikia mahubiri mengi, lakini machache yamenikaa kama hayo ya bombani.

Nilirudi kwa gari la Cheruiyot, mitungi ikigongana nyuma, yeye akinidhihaki njia nzima, nami nikaanza kucheka kidogo. Kogo alikuwa ananisubiri langoni na leso begani. Hakuuliza mengi. Alinichukua tukaenda kwa wale wawili ambao maziwa yao yalimwagwa, mama mmoja mjane na mwalimu mmoja mstaafu, ili niwaambie mwenyewe. Nilitamani aseme yeye, kwa lugha yao, maana mimi nikifadhaika ile "sh" inanipotea kama watu wetu wa ziwani na shati linakuwa sati. Lakini kila tulipofika alikaa kimya hadi nilipomaliza. Mwalimu alinisamehe kabla sijafika mwisho wa sentensi. Mjane aliniacha nimalize, akafikiri, kisha akasema nije Jumamosi mbili nimsaidie kuchuma chai. Nilikwenda. Nilichuma vibaya sana, nikachanganya majani magumu na machanga, mpaka akaniomba kwa upole nimsaidie kupika badala yake. Mpaka leo wajukuu wake wananiita shangazi.

Jioni ile Kogo aliosha mtungi wake mara tatu kwa maji moto na jivu. Ukatoka mweupe, ukang'aa. Nikadhani mambo yamekwisha. Lakini aliuleta karakana, akauweka miguuni pangu. "Hii sasa ni yako," akasema. "Maziwa haiwezi kurudi hapa tena. Mimi naona ni safi. Lakini moyo yangu inajua iliingia wino ya pluu." Hivyo ndivyo alivyolitamka neno buluu. "Na wewe, lakwet, usikope kitu ya chakula kubeba kitu haikuliwi. Hata kwa dakika moja. Hiyo dakika ndio gari inapita."

Lakwet ni mtoto kwa Kikipsigis. Alinikemea kwa kuniita mtoto wake, na ndiyo sababu kemeo liliingia.

Mzee Langat alirudi na roli yake, akakuta sakafu ina mstari wa buluu ambao deki yangu haikuutoa. Aliufuata kwa macho mpaka mwisho.

"Uliburuta," akasema.

"Niliburuta, Mzee."

"Karai?"

"Liko msumarini."

Akavua kofia, akakaa juu ya bunda la karatasi, nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye ng'ombe aliyekula sare ya shule, mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wenye wino. Kisha akainuka, akashika upande mmoja wa jerikani nyingine, akaninyooshea kidole nishike upande wa pili, tukaibeba pamoja mpaka mahali pake. Kesho yake nilimkuta ameshusha karai kutoka msumarini na kuliweka sakafuni, na jerikani inayotumika imekaa ndani yake. Kumbe hata mwalimu hujifunza.

Sasa sikiliza. Juzi nilipita Kapsoit kwa vijana wawili waliofungua duka la kuchapa, la kadi, vitabu na mabango. Duka zuri, mashine nzuri kuliko ndoto zetu. Nikapewa kiti, nikapewa chai, na kando ya thermosi nikaona chupa ya soda yenye kitu cheusi. Nikauliza. Wakasema, ni wino tu, Mama, tumenunua ile kubwa ya lita tano, tunapunguza humo ili iwe rahisi kujaza printa. Sikuwagombeza. Nilikunywa chai yangu, lakini nilichungulia kikombe kwanza.

Kwa hiyo nakuambia wewe, unayekwenda kuanza kazi hii ya kuchapa, kama nilivyowaambia wao. Wino ukae katika chombo chake ulichokuja nacho, na karatasi yake ya kiwandani isibanduliwe, kwa sababu siku utakaporuka machoni pa mtu, daktari atauliza ni wino gani. Ukilazimika kuuhamisha, tafuta chombo kipya ambacho hakijawahi kubeba kinywaji wala chakula, na uandike juu yake kabla hujamimina, si baadaye. Baadaye ndipo gari linapita. Vyombo vikae chini, ndani ya karai au trei yenye kingo, mahali pasipofikiwa na jua wala na mtoto. Baridi ya kwetu ikiuzidisha uzito, uingize ndani siku moja kabla na uuache upate joto wenyewe. Usiusogeze kwenye jiko. Na ule wa mabango, wenye harufu kama ya mafuta ya gari, huo ni jamaa wa moto kweli. Fungua madirisha, na mwenye sigara akaivutie barabarani.

Vaa glavu, hata kwa tone moja. Ukikupaka mkono, osha kwa sabuni na subira, si kwa thina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, maana thina itaondoa wino na kuingia yenyewe mwilini. Futa nje ya chombo kila unapomaliza, kwa ajili ya mkono wa mwenzako ambaye hajui. Ukimwagika, weka vumbi la mbao au mchanga, uzoe, ufunge kwenye mfuko, umrudishie aliyekuuzia au umuulize pa kuupeleka. Usiupige maji ukaelekea mtaroni. Mtaro wa hapa unaingia mtoni, na mtoni kuna ng'ombe wa mtu. Ulio wa zamani utumie kwanza. Ufa mdogo kwenye jerikani usiudharau. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kilicho kizito, mwite mtu. Kuomba msaada hakumpunguzii mtu uhodari, na kama kunampunguzia, basi uhodari huo haukuwa na faida.

Lakini hayo yote unaweza kuyabandika ukutani. La kubandika moyoni ni moja. Ukikosea, usiangalie kwanza nani amekuona. Angalia kosa lako linaelekea wapi, ulitangulie kufika.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, mwanangu. Ayalinde macho yako na kifua chako. Akupe mkubwa wa kazi mwenye kicheko, na jirani wa kukukemea kwa kukuita mtoto wake. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akupe miguu myepesi na ulimi usiochelewa kusema ukweli.